Wiki ya mvinyo na chakula huko Langhe, Italia: nyota nne kwa tano, na ile moja naieleza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoitafuta: euro 2,950 kwa mtu mmoja, bila ndege, bila viza, bila bima. Ongeza euro 380 ukitaka chumba cha peke yako. Wakati nalipa, euro moja ilikuwa shilingi elfu nne na ushee, kwa hiyo, pamoja na chumba hicho, tunazungumzia zaidi ya milioni 13 za Uganda kabla hujafika Entebbe. Fedha zilitoka SACCO, na mume wangu mpaka leo akisikia neno Italia anakohoa.

Je, zimerudi? Kwangu zimerudi, ila si kwa yale yaliyotangazwa na kampuni ya ziara. Tangazo lao lilijaa machweo na glasi zilizoinuliwa. Nilichonufaika nacho mimi ni udogo wa kikundi. Tulikuwa watu wanane, na watu wanane wanaweza kuingia jikoni kwa mtu, au kwenye ghala lake la mvinyo, wakauliza mpaka wachoke. Basi la watu 40 linaishia kwenye duka la zawadi; nimeyaona mabasi hayo yameegeshwa Barolo mjini, abiria wamepanga foleni ya choo.

Mnijue kidogo ili mjue namna ya kunisoma. Kazi yangu ni kuonja kahawa. Niko Kampala, kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa nje, na siku yangu yote ni vikombe, kijiko na kutema. Kiswahili nimekulia nacho kambini Jinja, baba akiwa jeshini. Mvinyo sikuwa nikiujua zaidi ya ule wa harusini. Nilichotaka kuona ni watu wanaouza kinywaji kwa jina la kilima kilikotoka, maana sisi tunauza kwa ukubwa wa punje: Screen 18, Screen 15, Screen 12, basi.

Karatasi kwanza, kwa sababu wanaoandika kuhusu ziara hizi kwa kawaida ni watu wasiohitaji viza. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Utaombwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi uliyoshikia nafasi na uthibitisho wa mahali utakapolala. Huo wa mwisho ndio ulionitoa jasho. Kampuni ilinitumia risiti nzuri yenye picha ya zabibu, lakini haikuwa na anwani ya nyumba wala jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti. Nikaandika, nikajibiwa kwa uchangamfu mwingi, kiambatisho hakuna. Wateja wao ni Wamarekani na Waaustralia, hakuna anayewadai karatasi hiyo, kwa hiyo hawana mazoea nayo. Ushauri wangu: kabla hujatuma malipo ya awali, wakubali kwa maandishi kwamba ukinyimwa viza fedha zako zinarudi. Wangu walikubali baada ya kuvutana. Wangekataa nisingelipa, na wewe usilipe.

Nilipita Addis Ababa hadi Milano, nikaenda Torino, halafu treni mpaka Alba. Hapo stesheni wanakuja kukuchukua na gari la viti tisa. Kumbe ndiyo siri ya ule udogo wa kikundi: leseni ya kawaida ya gari huko inaishia abiria wanane na dereva. Ukizidi hapo, gari na leseni vinabadilika na gharama zinapanda.

Tulilala karibu na La Morra kwenye nyumba ya shamba, wanaziita agriturismo. Sheria ya Italia ya mwaka 2006 inataka mwenye nyumba ya namna hiyo awe mkulima kweli, na kilimo kibaki ndiyo shughuli yake kuu; wageni ni nyongeza. Unaliona hilo asubuhi: trekta linawashwa kabla ya kahawa, na mwenye nyumba anakupa mayai huku buti zake zina tope. Chumba kilikuwa safi, maji ya moto yapo, intaneti inasuasua. Oktoba kule ni baridi na ukungu mzito mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo beba sweta la maana na viatu vilivyofunika mguu. Udongo wao ukinyeshewa unanata, hautoki kirahisi.

Sasa mvinyo. Mkulima wa kwanza tuliyekwenda kwake ni mzee wa makamo ya baba yangu, kofia haivui hata ndani. Alitupeleka shambani kwanza, wakati mavuno yake ya mwisho yanaendelea. Zabibu zinazotoa Barolo, mvinyo wenye jina la mji ule, ni za aina moja tu, Nebbiolo. Akatueleza kwamba mmea huo ni msumbufu: unachipua mapema kuliko wenzake na unaiva nyuma ya wote, kwa hiyo baridi inaweza kuupiga mwanzo wa msimu na mvua ikaupiga mwisho. Ndiyo maana wanaupa mteremko unaotazama kusini, penye jua, na aina nyingine zinapewa sehemu zilizobaki.

Ndani ya ghala kuna mapipa ya mwaloni makubwa, mengine yananizidi kimo mara mbili. Alipanda ngazi, akafungua kizibo cha juu, akazamisha bomba la kioo, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akalitoa limejaa, kisha akaachia kidole juu ya glasi zetu mmoja baada ya mwingine bila tone kuanguka. Rangi ilinishangaza. Nilitegemea kitu kizito cheusi, kumbe ni chepesi kama chai ya rangi. Ukiuweka mdomoni ndipo unapokutana nao: ukakasi unaoshika ufizi na hauachii, na nyuma yake harufu ya waridi na kitu kinachofanana na lami. Wenzangu walikuwa wanakunywa taratibu kistaarabu. Mimi mkono ulikwenda wenyewe, nikavuta kwa kelele ile tunayovuta nayo kahawa kwenye kijiko, *ssrrp*, ghala zima likaitika. Mama mmoja wa Melbourne aligeuka kunitazama. Yule mzee akacheka, akavuta wake kwa kelele kunizidi, akaniuliza kupitia kiongozi wetu mimi ni mtu wa kazi gani. Kuanzia hapo maelezo yake yote alikuwa ananitazama mimi, na wenzangu wakaridhika kusikiliza.

Barolo kwa sheria hauuzwi kabla ya miezi 38 kuhesabiwa tangu Novemba ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo lazima iwe ndani ya mbao. Ukiandikwa Riserva ni miezi 62. Mavuno ya 2020 yaliruhusiwa sokoni 2024. Nikamwuliza: muda wote huo mnakula nini? Mimi nimezoea wakulima wa upande wa Masaka, ambao wengine wanauza kahawa ingali maua mtini, kwa sababu ada ya shule haisubiri kiboko, yaani kahawa yenye maganda yake, kikauke. Mzee akasema Dolcetto ndiyo inayolipa umeme. Hiyo ni zabibu nyingine inayoiva mapema na kutoa mvinyo unaouzwa ukiwa mchanga, Barbera inafuata, na kwenye miteremko isiyofaa zabibu wamepanda hazelnati, aina ya kokwa, ambazo wanunuzi hawakosi, kwani Ferrero, kampuni ya chokoleti, ilianzishwa Alba hapohapo mwaka 1946, na Nutella yao ya kupaka mkate, yenye hazelnati ndani, ikaja 1964. Kwa maneno mengine Barolo inasubiri kwa sababu kuna vitu vingine vitatu vinavyoiruhusu isubiri. Jibu hilo peke yake nililipia ziara nzima, na sikuliona kwenye kijitabu chao popote.

Chupani wanaandika jina la kilima: Cannubi, Brunate, na vingine vingi ambavyo tangu 2010 vimeorodheshwa rasmi. Kilima kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, bei inatofautiana kwa makumi ya euro. Nilionja viwili pamoja na nikakubali kwamba tofauti ipo. Kama inafikia bei ile, hilo waamue wenye fedha zao. Na hapa ndipo lawama yangu ya kwanza: tangazo linasema kuonja kote kumelipiwa, lakini chupa za vilima vyenye majina zilikuwa na nyongeza ya euro 25 kwa mtu, mezani, mbele ya mwenyeji. Utakataaje?

Kwa mwenyeji mwingine, mama kijana aliyerithi shamba la baba yake, tulisikia habari za 1986. Mwaka huo wafanyabiashara wachache wa mkoa huohuo walichanganya methanoli, alkoholi yenye sumu, kwenye mvinyo wa bei nafuu, watu wapatao 20 wakafa, wengine wakapofuka, na nje ya nchi hakuna aliyetaka kusikia mvinyo wa Italia. Alisema usimamizi ulikazwa baada ya hapo, na wenye shamba dogo wakaona usalama wao ni kujaza chupa zao wenyewe na kuweka majina yao, badala ya kuuza kwa mapipa kwa mtu asiyejulikana. Wenzangu walisikiliza kama historia. Mimi nilikumbuka Kabale, kwetu Uganda, 2010, makumi ya watu waliokufa kwa waragi, pombe yetu kali, wenye methanoli hiyohiyo. Nikamwambia. Alinyamaza, kisha akaniuliza waliuziwa na nani, na sikuwa na jina la kumpa.

Jikoni ndipo nilipofurahi kuliko kote. Mama wa nyumba, kama tulivyokuwa tukimwita, alitupanga kuzunguka meza ya mbao na kuanza na tajarin, tambi nyembamba za mkoa huo. Viini vya mayai 30 kwa kilo moja ya unga, na amesikia wanaoweka 40. Ute wa mayai unakwenda kwenye keki. Unga unakuwa wa manjano iliyokolea, mgumu, unausukuma kwa kiganja mpaka mabega yaume. Akausukuma kwa mti mrefu hadi ukawa mwembamba unaona mishipa ya meza chini yake, akaukunja, akakata kwa kisu kwa kasi bila kutazama, huku anaongea na mtoto wake aliyekuwa mlangoni.

Halafu agnolotti del plin. Hivi ni vifuko vidogo vyenye nyama ndani, nyama yenyewe ni mabaki ya rosti ya jana yaliyosagwa na mboga. Unapanga vidonge vya nyama kwenye ukanda wa unga, unaukunja, unabana kati ya kidonge na kidonge kwa vidole viwili, kisha unapitisha kigurudumu chenye meno. Vyangu vilipasuka kwenye maji. Mama akavichungulia, akasema neno, kiongozi akakataa kutafsiri. Darasa lilipangiwa muda wa saa mbili na likaenda karibu mchana mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka, na hapo ndipo nasema watu wanane: kila mmoja alisahihishwa vidole vyake.

Mezani jiandae. Mchana mmoja tu unaweza kuletewa vitello tonnato, yaani nyama ya ndama ya baridi iliyofunikwa mchuzi wa samaki jodari, kisha nyama mbichi iliyokatwakatwa kwa kisu na kutiwa mafuta ya zeituni na chumvi, kisha mboga na bagna cauda, mchuzi wa moto wa vitunguu saumu na dagaa wa chumvi. Na hayo yote ni kabla ya tambi, kabla ya nyama yenyewe, kabla ya jibini. Mtu wa mukene, dagaa wetu wa ziwani, hatishwi na dagaa. Nyama mbichi ndiyo niliyoitazama kwa muda. Nilikula, nikaongeza. Kinachokosekana ni pilipili. Nilibeba kachupa kutoka nyumbani na kuanzia siku ya pili wale Wamarekani walikuwa wanakaomba kwa adabu chini ya meza.

Kwa ndugu zangu Waislamu, au yeyote asiyekunywa: nyama ya nguruwe iko kwenye sahani nyingi za mwanzo, na rosti yao maarufu inapikwa ndani ya Barolo saa nyingi. Ukisema mapema wanakuandalia kingine, na mama wa nyumba alifanya hivyo kwa moyo kwa bwana mmoja wa kikundi asiyekula nguruwe. Lakini bei haipungui hata senti kwa asiyekunywa. Niliuliza kwa niaba ya rafiki, wakajibu kwamba mvinyo ni sehemu ya mandhari.

Nyota niliyoikata imekwenda kwa tartufo. Huu ni uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti, na ule mweupe wa Alba ni ghali sana kwa sababu kuulima ni kazi ambayo imewashinda wengi. Unatafutwa porini na mbwa mwenye pua. Utafutaji wenyewe uliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa utamaduni mwaka 2021, na naamini unastahili. Tulichoonyeshwa sisi sidhani kama ndicho. Bwana wa mbwa alitupeleka kwenye kimsitu nyuma ya maegesho, mbwa akaenda moja kwa moja kwenye mti wa tatu, akakwaruza, na tartufo ikatoka juujuu ya udongo ulioonekana umeshachimbwa. Watu wakapiga makofi na picha. Mimi nakagua magunia kwa kuishi. Gunia lililofunguliwa na kushonwa tena nalitambua. Kisha tukapelekwa dukani kwake. Wangesema tu kwamba ni maonyesho, nisingekuwa na neno.

Jioni ile mgahawani tartufo ililetwa na mzani mdogo. Wanaipima, wanaiparura juu ya tajarin yako mpaka useme basi, wanaipima tena, unalipa tofauti. Siku hiyo ilikuwa euro 4 kwa gramu. Harufu yake, sitadanganya, inajaza kichwa. Nilisema basi haraka.

Nusu siku ya Bra ilikuwa fupi mno. Huo ndio mji wa Slow Food, ile harakati ya Carlo Petrini ya kutetea vyakula vya kienyeji, iliyoanza hapo miaka ya 1980. Kiongozi wetu alipotaja kwamba mwaka 2022 Petrini alimkabidhi urais Edward Mukiibi, mwana wa Uganda, mtaalamu wa kilimo aliyesoma pia chuo chao cha Pollenzo, vichwa saba viligeuka kwangu kana kwamba ni kaka yangu. Nilikubali pongezi. Ningependa tungepewa muda wa kuingia Pollenzo penyewe, lakini ratiba ilikuwa na duka la jibini, na duka la jibini lilikuwa na mashine ya kadi.

Baa ya kahawa niliingia peke yangu. Espresso ya kusimama kaunta ilikuwa euro 1.30, ukikaa mezani inapanda. Niliivuta na nikaijua: robusta, aina ya kahawa tunayoilima zaidi Uganda, imo, na si kidogo, ile povu nene haiji hivihivi. Italia imekuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa yetu kwa miaka mingi, na karatasi za magunia yanayokwenda Trieste na Genova nazisaini mimi. Niliomba kuona mfuko. Umeandikwa mchanganyiko, na jina la kampuni iliyokaanga, kwa dhahabu. Nchi hakuna. Nyuma ya kaunta hiyohiyo chupa zimepangwa kwa majina ya vilima. Nilimwambia kijana wa baa kwamba hii inatoka kwetu; akasema ni nzuri, akanionyesha kidole gumba, akamhudumia aliyefuata.

Mengine kwa ufupi. Kiongozi wetu alikuwa hodari, anajua kunyamaza, na alizuia kwa upole bwana mmoja aliyetaka kueleza kila mvinyo kabla ya mwenye mvinyo. Jioni moja ya kujitegemea utakutana na coperto kwenye bili, euro mbili au tatu kwa kila aliyekaa. Si wizi, ndivyo wanavyofanya, na bakshishi si lazima. Chupa za kununua fungia kwenye begi kubwa ndani ya nguo, za mkononi zitaishia uwanja wa ndege.

Ukiwa mpishi, mwenye hoteli, mtu wa kahawa, kakao au asali, nenda. Uliza maswali ya bei na ya hasara, wanayajibu wakiona unaelewa. Ukitaka picha tu, fedha hizo zitakupeleka Zanzibar na kukurudisha zaidi ya mara moja, na mtakula pweza. Malipo wanakubali kwa awamu ukiomba, ingawa hawasemi. Nafasi za Oktoba zinaisha mapema kwa sababu ya msimu wa tartufo nyeupe. Mei bei inashuka, mizabibu imeshachanua majani, na tartufo hizo hazipo, jambo ambalo ukiniuliza mimi si hasara.